Karela, bbombo na cacana: namna ya kuitofautisha kabla hujachuma

Kwenye uzio mmoja wa Bukoba au Masaka unaweza kushika mmea mchungu unaotambaa, jirani wa kwanza akakwambia ni karela pori, inashusha sukari, na wa pili akakwambia ni ule wanaovalishwa wazazi wa mapacha. Kila mmoja anasema kweli kuhusu mmea anaoujua yeye. Ila ulio mkononi mwako ni mmoja tu, na ukishauchemsha hautabadilika kufuata jina ulilopewa.

Ulinganisho huu ni kwa ajili ya mtu aliyesimama mbele ya uzio huo, au mbele ya meza ya muuza dawa za asili, akijiuliza achukue upi. Mimea inayochanganywa zaidi ni mitatu, yote ya jenasi moja, Momordica, katika familia ya maboga, matango na mung'unye. Wa kwanza ni karela, Momordica charantia, ambao una sura mbili: ule mkubwa wa sokoni na ule mdogo wa porini. Wa pili ni Momordica foetida. Waganda wanauita bbombo, watu wa Ankole na Kigezi omwihura, na Wanyarwanda umwishywa. Nitatumia bbombo kwa sababu ni fupi. Wa tatu ni Momordica balsamina, maarufu zaidi Msumbiji, ambako unaitwa cacana. Huu wa tatu ni mmea wa mchanga na nchi kavu, kusini mwa Afrika na ukanda wa Saheli, kwa hiyo wengi wetu tunakutana nao kwenye picha na vifungashio kuliko shambani. Nimeuweka kwa sababu picha zake hubandikwa jina la karela kila mara.

Msimamo wangu ni huu: jina la kienyeji halitoshi, na uchungu hautoshi kabisa, maana yote mitatu ni michungu. Vinavyotosha ni vitu vitatu vikikubaliana: jani, kikonyo cha ua na tunda. Ukipata kimoja tu, ngoja.

Anza na jani

Shika jani lililokomaa, la katikati ya mmea, wala si changa la kwenye ncha. Jani la karela ni jembamba na limekatika ndani sana, likawa na pande tano hadi saba, na kila upande una meno yake. Jani la bbombo ni zima: pana, umbo la moyo, lenye mkato mkubwa mmoja tu pale linapoungana na kikonyo chake, na ukingo wa meno madogo. Alama hii peke yake inamaliza ubishi mwingi. Mtu akikuletea jani zima lenye umbo la moyo akasema ni karela, mwambie hapana, hata kama tunda hujaliona.

Ukishamaliza jani, tazama shina. Shina changa la bbombo lina madoadoa ya kijani kilichokolea, kama matone ya wino yaliyotapakaa juu ya kijani cha kawaida. Lazima uliinue karibu na macho ndipo uyaone vizuri. Bbombo pia ni mmea wa miaka mingi, unaochipua tena kutoka kwenye shina-mzizi gumu lililoko ardhini, na hupanda juu ya miti midogo hadi mita kadhaa. Karela ni mwepesi: shina lake ni jembamba, na kwa kawaida huota, huzaa na kufa ndani ya msimu.

Harufu nayo husaidia, kwa kiasi. Jani la bbombo likifikichwa hutoa harufu nzito, mbaya, inayobaki vidoleni. Karela nayo ina harufu kali, kwa hiyo mtu asiyewahi kuzinusa zote mbili asijiamini sana. Ichukulie harufu kama shahidi wa pili baada ya jani, na ukumbuke kwamba jani likishakauka na kusagwa, shahidi huyo hayupo tena.

Kati ya karela na cacana, jani halikati shauri. Yote mawili yamekatika, yote mawili yana meno. La cacana kwa kawaida ni dogo zaidi, lakini karela pori iliyoota kwenye udongo maskini nayo huwa na majani madogo. Hapo ndipo ua linapohitajika.

Kijijani cha kwenye kikonyo cha ua

Hii ndiyo alama ninayoipenda kuliko zote, na watu wengi hawajawahi kuitazama. Chukua ua dume, lile lisilo na kitunda nyuma ya petali. Fuata kikonyo chake kwa kidole kutoka kwenye shina kwenda juu. Njiani utakutana na kijijani kidogo cha mviringo kilichokumbatia kikonyo. Swali ni: kimekaa wapi?

Kwenye karela kimekaa katikati ya kikonyo au chini zaidi, mbali na ua, na ukingo wake ni mlaini. Kwenye cacana kimepanda juu hadi karibu kabisa na ua, na ukingo wake una meno. Ukikiona mara moja hutakisahau, na hata kwenye picha nzuri kinaonekana.

Bbombo haihitaji hata hesabu hiyo, kwa sababu maua yake dume hayakai moja moja. Hutoka kikonyo kimoja kirefu, na kwenye kilele chake kuna kijijani, kisha kundi la maua yanayofunguka kwa zamu. Rangi pia inatofautiana: ua la karela ni la njano ya wazi, ilhali la bbombo ni kubwa zaidi, mara nyingi la rangi ya malai au njano hafifu, na katikati pamekolea.

Kuna jambo lingine linalowasumbua wanaopanda bbombo nyumbani. Karela na cacana zina maua dume na maua jike kwenye mmea uleule. Bbombo imetenganisha: kuna mmea dume na kuna mmea jike. Ukichukua vipandikizi vyote kutoka mmea mmoja, vitakuwa vya jinsia moja, na unaweza kukaa miaka ukingoja tunda ambalo halitakuja. Kwa anayetaka majani tu, hilo si tatizo. Kwa anayetaka mbegu, achukue vipandikizi kutoka sehemu mbili zilizo mbalimbali, au aoteshe mbegu nyingi.

Tunda

Tunda la karela ya sokoni mnalijua. Iko aina ya Kihindi, fupi, ya kijani kilichokolea, yenye miinuko mikali kama meno ya mamba, na aina ya Kichina, ndefu, ya kijani cheupe, yenye matuta mapana na laini. Karela pori ni ileile kwa udogo: imechongoka mwishoni na ina vinundu mwili mzima. Ikiiva inageuka rangi ya chungwa, inapasuka kuanzia kwenye ncha, pande zinajikunja nyuma, na mbegu zinaonekana zimevikwa utando mwekundu mtamu. Ndege wanaupenda utando huo, ndiyo maana karela pori inaota mahali ambapo hakuna aliyeipanda.

Tunda la bbombo lina umbo la yai, la rangi ya chungwa likiiva, na limefunikwa pote na miiba laini iliyosongamana. Ukiigusa haichomi, inalala chini ya kidole. Nalo hupasuka na kuonyesha mbegu zilizovikwa wekundu. Tunda la cacana ni dogo, limenenepa katikati na kuchongoka ncha zote mbili, na lina vinundu vichache vilivyojipanga kwa mistari.

Kwa anayetaka kubeba kumbukumbu fupi mkononi:

| | Karela | Bbombo | Cacana |
|---|---|---|---|
| Jani | limekatika sana, pande 5 hadi 7 | zima, umbo la moyo | limekatika, mara nyingi dogo |
| Maua dume | moja moja | kundi kwenye kikonyo kimoja | moja moja |
| Kijijani cha kikonyo | katikati au chini, ukingo laini | kileleni, chini ya kundi | karibu na ua, ukingo wa meno |
| Tunda | vinundu na matuta | miiba laini iliyosongamana | vinundu vichache kwa mistari |
| Dume na jike | mmea mmoja | mimea miwili | mmea mmoja |

Mwinuko wa nchi nao hutoa fununu. Karela pori hupenda joto na sehemu za chini, na ukipanda milimani inapungua. Bbombo ni ya sehemu zenye baridi kidogo: kingo za misitu, mashamba yaliyoachwa, bonde lenye unyevunyevu, hadi zaidi ya mita 2,000. Kwenye misitu ya Bwindi masokwe wa milimani hula majani yake. Kuzunguka Ziwa Viktoria, kwenye mwinuko wa kama mita 1,150, yote mawili yanakutana, na ndiyo sababu mkanganyiko ni mkubwa huko kuliko Tanga au Mombasa.

Isiyo Momordica kabisa

Familia ya maboga ina watambaji wengi, na mengine yanawekwa kwenye kapu moja na haya bila haki. Coccinia grandis, ambayo Wahindi huipika kwa jina la tindora, ina ua jeupe umbo la kengele na tunda laini lisilo na kinundu wala mwiba, lenye mistari myeupe likiwa bichi na jekundu likiiva. Zehneria ina vitunda vidogo vya mviringo na maua meupe madogo sana.

Anayehitaji tahadhari zaidi ni tango pori linaloitwa Cucumis dipsaceus, la sehemu kavu za Kenya na Tanzania. Tunda lake limejaa nywele ngumu, na kwa mbali mtu husema ni bbombo. Ligeuze: jani la tango hili ni la kukwaruza kama msasa, hakuna kijijani kwenye kikonyo cha ua, na tunda likiiva linakuwa la njano bila kupasuka na kuonyesha wekundu. Matango pori machungu yana sumu zinazoharisha na kutapisha vibaya. Tunda lisilopasuka lenyewe likaonyesha mbegu nyekundu, usiliite Momordica.

Sasa, uchague upi?

Inategemea unautaka kwa ajili gani, na hapa sitajifanya kuwa yote iko sawa.

Kwa chakula, chagua karela ya sokoni, basi. Imechaguliwa na wakulima kwa vizazi vingi, kiasi chake kinajulikana, na ni mboga kabla ya kuwa dawa. Ichume au inunue ikiwa bichi na ngumu, kabla haijaanza kupauka. Ipasue kwa urefu, toa mbegu, kata vipande vyembamba, vipake chumvi na uviache nusu saa, kisha kamua maji na uoshe. Kaanga vitunguu hadi viwe vya kahawia, weka bizari na nyanya, ndipo uingize karela. Uchungu unabaki, lakini ni wa kustahimilika, na anayeizoea huutafuta. Kuipanda si kazi: loweka mbegu usiku mmoja kwa sababu ganda ni gumu, zipe kichanja au uzio, na baada ya kama miezi miwili utaanza kuchuma. Adui mkubwa ni inzi wa matunda, na dawa rahisi ni kuvisha vitunda mfuko wa karatasi vikiwa bado vidogo.

Kwa mboga ya majani, cacana ndiyo yenye heshima yake. Msumbiji hupikwa na karanga na nazi, na ni chakula cha nyumbani, si cha mgonjwa. Aliye na mbegu za uhakika kutoka huko na ardhi ya mchanga anaweza kuzijaribu.

Kwa mila, ni bbombo, na hakuna mbadala. Rwanda bibi harusi huvishwa umwishywa kichwani, na usemi wenyewe wa kuoa, gutera umwishywa, umebeba jina la mmea huu. Buganda hutumika katika sherehe za mapacha. Kama umetumwa na wazee kuuleta kwa shughuli kama hiyo, karela haifai hata kama ni mbichi na nzuri: tafuta jani zima lenye umbo la moyo.

Kwa kisukari, nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo watu wanapoumia. Tafiti nyingi mnazosikia zilifanywa kwa karela, wala si kwa bbombo. Na hata kwa karela majibu ni ya kiasi. Mwaka 2012 wachambuzi wa Cochrane, mtandao wa kimataifa wa watafiti wanaopima ushahidi wa tiba, walipitia majaribio yaliyofanywa kwa watu wenye kisukari aina ya pili na kukuta ushahidi hautoshi kuipendekeza kama tiba. Jaribio la Thailand lililochapishwa 2011 lilitoa karela kavu miligramu 2,000 kwa siku kwa wiki nne: sukari ilishuka kidogo, lakini chini ya ilivyoshushwa na metformin, kidonge cha kawaida cha kisukari, ya miligramu 1,000. Kwa bbombo hali ni dhaifu zaidi. Ina kiini kiitwacho foetidin, cha jamii moja na charantin ya karela, ambacho kilishusha sukari kwa panya wasio na kisukari waliokaa na njaa, lakini hakikuwa na athari ya maana kwa wanyama wenye kisukari. Kwa hiyo anayechuma bbombo uzioni akiamini ni karela ya sukari anapoteza hata ule msaada mdogo uliopimwa.

Mama au baba mwenye kisukari anayetaka karela aile kama mboga, pamoja na ugali au wali wake wa kipimo, aendelee na vidonge vyake, apime sukari, na amwambie daktari. Kunywa juisi nzito ya karela juu ya kidonge cha kisukari kama glibenclamide au sindano ya insulini kunaweza kuishusha sukari kupita kiasi, na sukari iliyoshuka hadi mtu akatetemeka, akatoka jasho baridi na kuchanganyikiwa inaua haraka kuliko iliyopanda. Watoto wasipewe kabisa juisi wala chai yake. Wapo waliopata degedege na kupoteza fahamu. Mjamzito naye aache kunywa maji yaliyochemshwa ya mmea wowote kati ya hii. Mbegu zitolewe: zina kemikali iitwayo vicine, hatari kwa mtu mwenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, hali iliyoenea sana katika nchi za malaria na ambayo wengi wanayo bila kujua.

Na malaria? Majani ya bbombo yametumika kwa homa kwa muda mrefu katika nchi za maziwa makuu, na maabara zimeonyesha kwamba viini vyake vinapigana na vimelea vya malaria ndani ya chupa. Nalichukulia hilo kwa uzito, ni maarifa ya wazee wetu yanayothibitika hatua kwa hatua. Lakini mtoto mwenye homa usiku wa leo anahitaji kipimo cha haraka na dawa mseto. Muogeshe kwa majani ukitaka, ukiwa njiani kwenda zahanati.

Ukinunua unga

Kila nilichoeleza kinapotea kwenye unga. Unga wa kijani ni unga wa kijani, na hakuna jicho wala pua itakayotofautisha karela na jamaa zake baada ya kukaushwa na kusagwa. Ukiwa na uchaguzi, nunua tunda bichi, au majani yaliyofungwa yakiwa mazima na vikonyo vyake. Muuzaji anayejua kazi yake hatakasirika ukimwomba akuonyeshe tawi lenye ua. Tanzania kuna Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, lililoundwa kwa sheria ya 2002, ambalo husajili waganga na dawa zao, kwa hiyo kuuliza namba ya usajili ni haki yako. Namba hiyo haikuthibitishii ni jani la mmea gani lililomo ndani ya kopo, lakini inakupa wa kurudi kwake.

Ukishindwa kuutambua

Kata kipande cha mmea chenye urefu wa kama kutoka kiwiko hadi kiganja, chenye majani makubwa, ua na tunda ikiwezekana, pamoja na vikono vinavyojikunja. Kitandaze kati ya kurasa za gazeti, geuza jani moja ili upande wa chini uonekane, weka kitu kizito juu yake, na ubadilishe gazeti kila siku hadi kikauke. Tunda nene lipasue katikati kwanza, la sivyo litaoza. Andika pembeni mambo ambayo mmea mkavu hausemi: rangi ya ua, harufu, mahali, mwinuko kama unaujua, na jina la kienyeji pamoja na lugha yake. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Chuo Kikuu cha Makerere na Makumbusho ya Taifa ya Kenya jijini Nairobi wana hifadhi za mimea iliyokaushwa, na wataalamu wao wanaweza kuulinganisha na sampuli walizonazo. Kama unashuku ni bbombo, beba vipande viwili kutoka mimea miwili, mmoja wenye makundi ya maua na mwingine wenye matunda, kwa maana kipande kimoja kitaonyesha nusu tu ya mmea huo.